Kuwinda dubu mweusi nikiwa Guangzhou: nianzie wapi?

*Mimi ni mfanyabiashara kutoka Tanga, nakaa Xiaobei. Kijana mmoja anataka kunipeleka milimani nijifunze kuwinda dubu mweusi, na nyongo nirudi nayo nyumbani. Marehemu baba alikuwa mwindaji. Nianze vipi? M.A., Guangzhou*

Ndugu M.A., hamu yako naielewa. Kwetu Tanzania leseni ya kuwinda hupatikana, kwa hiyo umedhani na huko ni hivyo. Sivyo. Dubu mweusi wa Asia, yule mwenye alama nyeupe kifuani kama mwezi mchanga, analindwa na sheria ya China katika daraja la pili. Kumwinda bila kibali ni jinai: kifungo hadi miaka 5, na kosa likiwa zito sana huvuka 10. Bunduki nayo ni kesi nyingine. Mwaka 2006 serikali ilitaka kunadi vibali vya kuwinda wanyamapori kwa wawindaji wa kigeni; watu wakapiga kelele, mnada ukaahirishwa.

Nyongo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Dubu huyu yumo katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Tanzania nayo imeusaini, hivyo begi lako lina hatari forodha zote mbili.

Usimpe huyo kijana pesa. Kama ameshachukua malipo ya awali au nakala ya pasipoti, ongea na wakili wiki hii hii.

Ukitaka dubu kweli, majimbo ya Marekani kama Maine huruhusu kumwinda dubu mweusi wa kwao kwa leseni. Anza na kozi ya usalama wa silaha, kisha tafuta mwongozaji mwenye leseni.