Mwenye Nguvu Naye Huhitaji Mwangalizi



Katika somo la toleo hili tunazungumzia mchezo ambao jina lake ni geni kwetu, ila kazi zake si ngeni. Ni mashindano ya utimamu wa mwili. Yaliyo mashuhuri zaidi ni yale ya CrossFit, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2007 huko Aromas, California, nchini Marekani. Mshindani hukimbia, huogelea, hupanda kamba, hunyanyua vyuma na kubeba magunia ya mchanga. Mara nyingi hajui atapewa mtihani gani mpaka siku zimekaribia. Kwa hiyo hauzoeshi mwili jambo moja tu. Huuandaa kwa lolote litakalokuja.

Mvuvi wa Vamizi atautambua mchezo huo upesi. Yeye hukokota mashua maji yakiwa yamekupwa, huvuta juya, hubeba kapu la samaki begani akitembea juu ya mchanga, na bahari haimtangazii mtihani wake.

Huenda mtu akauliza: polisi wana nini na mazoezi ya mwili? Jibu letu ni kwamba nguvu za vijana ndizo mtaji wa kwanza wa ulinzi wa kijiji, na ndizo pia zinazotafutwa kwanza na wenye nia mbaya. Basi inafaa tujue zinavyolelewa.

Nguvu hujengwa polepole

Tumtazame Maria Mutola, mwana wa Msumbiji aliyezaliwa Maputo mwaka 1972. Alikuwa binti mdogo akicheza mpira na wavulana, mpaka mshairi José Craveirinha alipouona uwezo wake na kumwelekeza kwenye riadha. Mwaka 1988, akiwa na miaka 15, alikwenda Olimpiki ya Seoul katika mbio za mita 800, wala hakuvuka raundi ya kwanza. Mwaka 1992 huko Barcelona alikuwa wa tano. Mwaka 1996 huko Atlanta alipata shaba. Mwaka 2000 huko Sydney alishinda kwa dakika 1 na sekunde 56.15, akailetea nchi yetu dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Kati ya Seoul na Sydney ilipita miaka 12.

Mwenye haraka hudhani nguvu hupatikana kwa wiki mbili. Anayeanza kwa pupa, akarudia zoezi zito mamia ya mara juani bila maji ya kutosha, huweza kuharibu misuli yake hata sumu yake ikaingia katika damu na kudhuru figo. Dalili zake ni maumivu makali, uvimbe na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Aonaye dalili hizo asingoje kesho. Aende zahanati mara moja. Ongeza mzigo kidogo kidogo, lala vya kutosha, na siku moja au mbili za juma ziwe za kupumzika.

Hakuna afanyaye mazoezi peke yake

Katika mashindano hayo kila mshindani husimamiwa na mwamuzi anayehesabu na kukataa zoezi lisilokamilika. Nyumbani yuko kocha, na yuko mwenzake wa mazoezi. Mwenye nguvu hajioni kuwa ameshavuka haja ya kutazamwa.

Tarehe 8 Agosti 2024, huko Fort Worth, Texas, mashindano hayo yalianza kwa mbio za kilomita 5 na nusu hivi, zikifuatwa na kuogelea mita 800 ziwani. Lazar Đukić wa Serbia, kijana wa miaka 28 na mmoja wa washindani hodari wa Ulaya, alizama akiwa amekaribia kumaliza, akafariki. Tunamtaja kwa heshima, kwa kuwa kifo chake kinatufundisha sisi watu wa maji. Nguvu za nchi kavu hazimkingi mtu aliyechoka akiwa majini. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hunyamaza na kutoweka.

Kwa hiyo vijana wetu wasiogelee mara tu baada ya kukimbia, wala wakati mkondo wa maji ni mkali. Kila mwogeleaji awe na mtu mmoja aliyeteuliwa kumtazama yeye tu, na kamba na chombo kiwe tayari. Mtu akikosekana, kijiji na kituo cha polisi vijulishwe papo hapo.

Wito wa kweli haufichwi

Mwaka 1991 Mutola alikwenda Marekani kusoma na kufanya mazoezi kwa ufadhili wa mpango wa Mshikamano wa Olimpiki. Aliyemwita alijulikana, mahali palijulikana, na mlipaji alijulikana.

Tangu Oktoba 2017, mapigano yalipozuka Mocímboa da Praia, wazazi wengi wa pwani hii wameonja uchungu wa kupoteza watoto. Basi kijana akiahidiwa kambi ya mazoezi, kazi au fedha ng'ambo ya mto, aulize: nani ananiita? Wapi? Nani analipa? Hati zangu zitakaa mikononi mwa nani? Na akiambiwa, "Usimwambie mama yako," hapo hana haja ya kuuliza zaidi. Amweleze mzazi, mzee wa kijiji au askari anayemwamini.

Nasi askari tuna wajibu wetu. Kijana anayekimbia ufukweni alfajiri si mshukiwa kwa sababu tu anakimbia. Tunaomba kila kikundi cha mazoezi kimjulishe kiongozi wa kijiji majina, saa na mahali pake, ili doria imtambue kijana kabla ya kumsimamisha. Na doria ikimsimamisha, imsemeshe kwa adabu. Kutazamana kwa wema ndiko kunakozaa usalama. Kutazamana kwa shaka tupu huzaa maadui.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika kijiji chetu, ni nani anayewatazama watoto wanapoogelea?
2. Je, kijana wetu aliyeitwa ugenini ana mtu anayeweza kumwambia bila hofu? Kama hana, tumekosea wapi?
3. Kikundi cha mazoezi na doria ya polisi vitatambuanaje?

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hata mwenye mkono wa chuma ana vidole vitano, na kila kimoja kinauhitaji mwingine.