Somo la Historia: Ndege za Topido na Askari wa Nyasaland



Jumamosi moja nikiwasaidia wadogo zetu wa Dzaleka somo la historia, kijana mmoja aliniuliza: "Kaka, vita vya Wazungu baharini vinatuhusu nini?" Nilirudi Nsungwi na swali lile. Hili ndilo jibu langu.

Topido ni nini?

Ni kombora linalojiendesha ndani ya maji kwa injini yake. Bomu huanguka juu ya sitaha, na meli huweza kuendelea kuelea. Topido hutoboa ubavu chini ya usawa wa maji, na bahari yenyewe humaliza kazi. Lakini ili kuliangusha, rubani lazima ashuke karibu na maji na aruke moja kwa moja bila kuyumba, huku mizinga ikimlenga.

Ndege ya Uingereza iitwayo Swordfish ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, na mwili uliofunikwa kitambaa. Ilibeba watu 3 na topido la kilo 730 hivi. Usiku wa Novemba 11, 1940, ndege 21 za aina hiyo, baadhi zikiwa na topido na nyingine mabomu, ziliipiga bandari ya Taranto, Italia. Manowari kubwa 3 ziliharibiwa. Waingereza walipoteza ndege 2 tu.

Vita vyafika kwetu

Aprili 1942 Wajapani walishambulia Ceylon, na meli za Waingereza zikahamia Kilindini, Mombasa. Waingereza walihofia Wajapani wasije wakaitwaa bandari ya Diego Suarez, Madagaska, iliyokuwa chini ya serikali ya Vichy ya Ufaransa. Alfajiri ya Mei 5, 1942, Swordfish kutoka meli Illustrious ziliishambulia. Kundi la topido liliikosa meli D'Entrecasteaux, kisha likaizamisha Bougainville. Kundi jingine liliizamisha nyambizi Bévéziers.

Je, vita viliishia hapo? Hapana. Mapigano yaliendelea hadi Novemba. Miongoni mwa waliopelekwa Septemba kuvuka kisiwa ni brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland, yaani Malawi hii.

Tunajifunza nini?

Kwanza, chombo duni kikitumiwa kwa maarifa hushinda chombo cha fahari. Pili, ndege zilipiga bandari kwa dakika chache, lakini kisiwa kilivukwa kwa miezi na watu wa nchi kavu. Tatu, vitabu huhifadhi majina ya meli. Majina ya wale askari wetu hayatajwi.

Basi mdogo wangu, vinatuhusu. Kabla wazee hawajaondoka, waulize: nani katika ukoo wenu alikwenda KAR? Andika jina lake.

Swali la kujadili: Kwa nini rubani wa topido alikuwa hatarini kuliko rubani arushaye mabomu kutoka juu?

Wabillahi tawfiq.