Kweli Mbele ya Dirisha la Viza

ANDIKO KUU: Mwanzo 12:10–20
SOMA PIA: Mwanzo 26:6–11, Yeremia 32:6–15, Esta 2:7

Mchungaji ameniomba niandike somo la wiki hii kwa sababu wengi wetu tuna kijana, dada au mzazi anayefuatilia makaratasi ya kwenda kuishi ng'ambo. Kila Jumapili kuna mtu anayeleta pasipoti madhabahuni iombewe. Hilo ni jambo jema. Lakini leo nataka tuangalie kile kinachoandikwa kwenye fomu kabla pasipoti haijaletwa madhabahuni.

1. Baba wa imani alipofika mpakani

Abrahamu aliondoka Kanaani kwa sababu ya njaa. Hakwenda Misri kutalii, alikwenda kutafuta riziki, kama sisi tu. Alipokaribia kuingia aliogopa, akamwambia Sarai aseme kwamba wao ni ndugu. Na tukisoma Mwanzo 20:12 tunaona haukuwa uongo mtupu, kwa maana Sarai alikuwa binti wa baba yake kwa mama mwingine. Ulikuwa ukweli nusu.

Mambo yakaonekana kunyooka. Alipewa kondoo, ng'ombe, punda, ngamia na watumishi. Lakini mkewe alikuwa ndani ya nyumba ya Farao. Mapigo yakaja, ukweli ukajulikana, na familia nzima ikafukuzwa nchini. Sasa nenda sura ya 26 uone Isaka naye kule Gerari. Anasema maneno yale yale kuhusu Rebeka! Uongo wa mpakani ulishuka hadi kwa mtoto.

2. Yaliyonipata mimi

Mimi ni muuguzi. Nilipofaulu mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, hospitali moja ya huko ilikubali kuniombea ukaaji wa kudumu, ile tunayoita grini kadi. Mwajiri hupeleka ombi lake, fomu I-140, na unapata tarehe yako ya foleni. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa jarida la viza linaloonyesha foleni imefika wapi. Nilingoja zaidi ya miaka miwili, nikifungua jarida hilo kila mwezi kama mtu anayetazama mawingu wakati wa kiangazi.

Kisha ikaja fomu ya viza yenyewe, DS-260. Inataka jina la mume na la kila mtoto. Hapo ndipo kikao cha familia kiliitwa nyumbani kwa mama.

Dada yangu alitangulia mbele za haki akaacha mvulana mdogo. Nilimlea pamoja na wanangu wawili. Ananiita mama, na kwa desturi yetu mtoto wa dada ni mtoto wako, hakuna mjadala. Wakati huo alikuwa na miaka 15. Wazee wakasema, "Mwandike tu kuwa ni wako, nani atajua?" Mjomba mmoja akasema kuna mtu mjini wa kutengeneza cheti cha kuzaliwa, bei ni ya kuelewana. Wote walisema kwa upendo. Mama yangu alilia.

Mimi pia nililia, lakini nilikataa. Niliwaambia hivi: fomu hii haiulizi ninampenda nani. Inauliza nilimzaa nani, au mahakama ilinipa nani. Nikijibu swali la pili kwa jibu la kwanza, nimedanganya.

Na msidhani ni jambo dogo. Kule ubalozini Gigiri unainua mkono wa kulia na kuapa kwamba yote uliyoandika ni kweli. Afisa akiwa na shaka kuhusu mtoto, anaweza kupendekeza kipimo cha DNA. Kwa sheria ya Marekani, mtu anayedanganya jambo la msingi ili apate viza anaweza kufungiwa mlango maisha yake yote. Ningepoteza nafasi mimi, mume wangu na watoto. Lakini hata kama kusingekuwa na DNA, ningeinuaje mkono ule ule ninaouinua kanisani kumsifu Mungu?

Tulisafiri wanne. Kijana wetu alibaki na nyanya yake. Sitawaficha wapendwa, inauma mpaka leo. Sheria ya huko haina fungu la mtu kumwombea mtoto wa dada, hata mwombaji akiwa raia. Karo yake natuma kila muhula na simu napiga kila Jumamosi. Siku moja aliniuliza, "Mama, mbona hukuniandika?" Nilimweleza ukweli wote, tangu kikao kile hadi kiapo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sawa. Angalau najua." Sina jibu lingine la kumpa, ila sitakuwa mtu aliyemfundisha kuishi chini ya jina la uongo.

3. Imani huhifadhi hati

Wengine husema, "Mimi natembea kwa imani, hayo makaratasi Mungu ataangalia." Soma Yeremia 32. Babeli imezingira mji, nabii amefungwa uani, lakini Mungu anamwambia anunue shamba kule Anathothi. Yeremia alipima shekeli 17 za fedha, akaita mashahidi na kutia sahihi. Hati zilikuwa mbili, moja ya muhuri na moja ya wazi. Akamwagiza Baruku azitie katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Huyo ni nabii, na ana faili!

Basi nawe uwe na chombo chako cha udongo:

(a) Linganisha majina mapema. Herufi moja ikitofautiana kati ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa, itakuletea maswali. Irekebishe katika ofisi halali ya serikali.

(b) Kama mlifunga ndoa ya kimila, isajili. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka hivyo.

(c) Kama unalea mtoto wa ndugu, usingoje mpaka viza ije. Barua ya chifu haimfanyi kuwa wako kisheria. Kuasili ni amri ya mahakama. Kwa uhamiaji wa Marekani, kwa kawaida mtoto awe ameasiliwa kabla ya kutimiza miaka 16, nawe uwe umeishi naye na kuwa na ulezi wa kisheria kwa angalau miaka miwili. Muone wakili leo.

(d) Weka nakala ya kila fomu uliyotuma na kila risiti.

(e) Ukishafika, kweli haiishi. Mkaaji wa kudumu akihama nyumba anatakiwa kutoa anwani mpya kwa idara ya uhamiaji ndani ya siku 10. Asijiite raia kabla hajawa raia, wala asipige kura katika uchaguzi wa taifa hilo.

4. Mordekai na Esta

Esta 2:7 inatuambia Mordekai alimlea Esta kama binti yake mwenyewe. Lakini andiko hilo hilo linasema wazi kwamba alikuwa binti wa mjomba wake. Upendo umeandikwa, na ukoo umeandikwa, na kimoja hakikufuta kingine. Mtoto wako wa kulea hahitaji cheti cha kughushi ili awe wako. Anahitaji karo, maombi, na mtu wa kumwambia kweli.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Ukweli nusu wa Abrahamu ulimweka nani hatarini zaidi, yeye au Sarai?
2. Je, familia yako imewahi kukusukuma useme uongo kwa nia njema? Tunawezaje kumsaidia ndugu anayekataa?
3. Ni mtoto gani katika ushirika huu analelewa na jamaa bila hati? Kanisa lifanye nini mwezi huu?

TUOMBE

Baba, wakumbuke wote walio kwenye foleni na wote walioachwa nyumbani. Tupe mikono safi ya kutia sahihi, na subira ya kungoja. Mlango utakaotufungulia, tuingie kwa majina yetu ya kweli. Katika jina la Yesu, Amina.