Wavu wa Kariakoo au wa Fundi wa Kwetu? Hesabu Iliyonifundisha kwa Hasara

Leo naongea na wewe unayeuza vitu vya kazi mtandaoni: nyavu, vipuri, mashine, vifaa vya ufundi. Swali ni moja. Ukanunue duka kubwa la jumla kwa bei ya chini, au kwa mtu wa karibu anayeijua hiyo kazi ila bei yake imesimama?

Mimi nina duka dogo hapa Kibiti mjini. Nauza nyavu, kamba, ndoana, maboya na nyuzi. Wateja wangu wengi ni wavuvi wa delta ya Rufiji, wanaagiza WhatsApp, mzigo unashuka Nyamisati na kuingia boti. Biashara sijaisomea, niliishia kidato cha nne. Ninachoandika hapa nimekilipia.

Kulikuwa na fundi nyavu mmoja, mtu mzima, ndiye aliyenifundisha mambo ya nyavu. Bando la wavu wa inchi 3 alikuwa anauza 65,000. Nikaenda kwake, nikamuuliza kila kitu: macho ya inchi ngapi, uzi wa unene gani, wavu uende chini macho mangapi. Akanieleza karibu saa nzima, chai juu. Nikaaga, "Babu, nitarudi." Kesho yake alfajiri nikapanda basi kwenda Kariakoo.

Kariakoo nikakuta bando lile lile, au nililodhani ni lile lile, kwa 48,000. Nikachukua 6. Kichwani nikapiga hesabu: nauze 60,000, nimpige fundi bei, faida 12,000 kwa kila bando, jumla 72,000. Nikapiga picha, nikaweka status kabla hata basi halijafika Mkuranga.

Mzee mmoja wa delta akachukua bando 2. Baada ya wiki mbili akaja mwenyewe na kiroba, akakimwaga mezani. Wavu umechanika kama kitambaa cha zamani. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikuomba wavu, wewe umeniuzia utando wa buibui." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Bamvua lilikuwa limempita. Anayevua kamba kule anajua maana yake. Maji ya bamvua yakipita unasubiri mengine, na nyumbani watu wanataka kula.

Nilikwenda na kile kiroba kwa yule fundi, aibu tupu. Akanyoosha macho 10, akaweka rula. Lebo ilisema inchi 3, rula ikasema 2 na nusu. Uzi nao ulikuwa mwembamba kuliko ule alionielekeza. Visiki vya mikoko na kaa vilimaliza kazi. Tukapima bando 4 zilizobaki, hizo zilikuwa sawa. Yaani kwenye mzigo mmoja nilipewa vitu viwili tofauti, na mimi sikufungua hata moja.

Hesabu halisi ndiyo hii. Namba ni zangu, wewe weka zako:

Bando 6 kwa 48,000: 288,000
Nauli kwenda na kurudi: 14,000
Mzigo kwenye buti: 6,000
Bajaji na chakula: 10,000
Faida niliyokosa kwa kufunga duka siku hiyo: 20,000
Jumla: 338,000

Gawa kwa 6, kila bando limenifikia kwa 56,000 na kitu. Kwa hiyo hata mambo yangeenda vizuri, faida yangu ilikuwa 22,000 kwa mzigo wote, siyo 72,000. Na hayakwenda vizuri. Mzee nilimrudishia 120,000 yake. Zile 4 niliuza 60,000, nikapata 240,000. Hasara 98,000. Ukigawa 338,000 kwa bando 4 nzima, kila moja imenigharimu 84,500. Fundi alikuwa anauza 65,000, tena hatua chache kutoka dukani kwangu.

Na kuna kitu hakimo kwenye hesabu. Yule mzee alishafunga kamba na maboya, kazi ya siku tatu. Hiyo sikuweza kumlipa.

Sasa masomo niliyotoka nayo.

1. Bei ya dukani siyo bei ya mzigo. Bei ya mzigo ni ile inayokufikia mlangoni, ukijumlisha nauli, muda, na kile kitakachorudi. Kabla ya kusema "kule ni rahisi", andika kwenye karatasi. Kichwa kinapenda kudanganya.

2. Tenganisha vitu vya aina mbili. Ndoana, kamba, maboya na chubwi unaviona kwa macho na havina ujanja mwingi. Hivyo nenda Kariakoo, nunua kwa wingi, bei ya jumla itakulipa, mimi mpaka leo naenda. Ila kitu ambacho kosa lake linaonekana kikiwa kazini, kama wavu au kipuri cha mashine ya boti, nunua kwa mtu anayekijua na utakayemkuta kesho kikiharibika.

3. Fungua, pima. Kwa wavu, vuta macho 10 yanyooke, pima toka fundo la kwanza mpaka la mwisho, gawa kwa 10. Ukipata inchi 30, jicho ni inchi 3. Haichukui dakika mbili. Dai risiti ya EFD pia, maana bila risiti huna pa kuanzia ukitaka kurudisha.

4. Jua unachouza kina urefu gani kikiwa tayari. Wavu wa bando unahesabiwa ukiwa umevutwa. Ukishonwa kwenye kamba unalegezwa ili samaki anase, kwa hiyo mita 100 za bando mara nyingi zinabaki kama mita 50 majini. Mteja asipoambiwa mapema, ataona umemwibia.

5. Bei rahisi isikuingize kwenye kesi. Kanuni za Uvuvi za 2009 zimekataza nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zile wengine wanaita timba, na makokoro pia. Kuiona inauzwa haina maana inaruhusiwa. Muulize afisa uvuvi wa halmashauri yako kuhusu macho yanayoruhusiwa kabla hujatoa pesa. Nyavu zikikamatwa, mteja atakukumbuka wewe, siyo duka la mjini.

6. Usiinywe elimu ya mtu bure. Hili liliniingia pale mteja mmoja aliponiuliza WhatsApp siku mbili, nikampimia, nikamtumia video, mwisho akaniambia, "Asante bro, nimepata kwa bei nzuri Dar." Nikamkumbuka babu na chai yake. Nilikasirika, kisha nikanyamaza, maana mimi ndiye niliyeanza.

Haki ya fundi nayo tuiseme. Siyo kila mtu wa karibu ni mwema. Wapo wanaokuuzia mzigo uliolala miaka kwa bei ya juu kwa sababu wanajua huna pa kwenda. Ukaribu peke yake siyo ubora. Unachomlipia ni kupima, kukuelekeza na kupokea lawama. Kama hafanyi hayo matatu, nenda Kariakoo kwa amani.

Nilirudi kwa babu kuomba radhi. Alicheka tu, akasema, "Mjukuu, ulikwenda shule, sasa ada umelipa." Siku hizi tunafanya kazi pamoja. Mimi napokea oda mtandaoni, yeye anafungua na kupima kila bando. Kwenye tangazo naandika bei mbili: wavu mtupu, na wavu ulioshonwa ukiwa na kamba na maboya. Anayetaka ushauri wa kina analipa kidogo, na akinunua namkatia kwenye bei. Nilidhani watu watakimbia. Wachache walikimbia kweli, ila waliobaki hawaniulizi tena, "Mbona Kariakoo ni rahisi?"

Yule mzee wa delta alichukua muda kurudi. Mwezi wa nne ndipo akatuma ujumbe: "Bando mbili, ila nataka kuona rula." Nikamtumia video ya rula. Nawatumia wote mpaka leo.

Wewe unayeuza, chukua bidhaa yako moja leo usiku, piga hesabu yake mpaka mlangoni. Mwenzako anayejiandaa kwenda kubeba mzigo, mfikishie hii kabla hajapanda basi.