Bibi, paka wa jirani ameniulia sungura wa mwanangu



Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Bigwa, Morogoro. Mume wangu alimnunulia binti yetu wa miaka 9 sungura watatu wadogo. Fundi akatujengea banda nyuma ya nyumba, chini ya mwembe: miguu ya mbao, bati juu, wavu wa kuku pande zote hadi sakafuni, na mlango unaofungwa kwa kipande cha mbao cha kuzungusha.

Wiki mbili zilizopita, kama saa tisa usiku, nilisikia kelele kama ya mtoto mchanga. Niliogopa kutoka. Asubuhi nikakuta mmoja ameng'atwa shingoni, na mguu wake wa nyuma umenyofolewa kupitia wavu wa chini. Wa pili amekufa lakini hana hata mkwaruzo. Wa tatu amejikunja pembeni anatetemeka. Kona moja ya wavu imefumuka, tundu linatosha ngumi ya mtoto.

Jirani yetu ana paka dume, kubwa, linalozurura usiku kucha. Nilikwenda nikamtolea maneno makali mbele ya wapangaji wake. Mlinzi wake akasema usiku ule alimulika tochi akaona mnyama mwenye mkia mrefu wa mapete-pete juu ya mwembe wetu. Nikamwambia anamtetea bosi wake. Tangu hapo hatusalimiani. Mume wangu anataka tutege nyama yenye sumu. Na binti yangu nilimwambia sungura wake wawili wametoroka, wamerudi porini. Kila jioni anawawekea mchicha kwenye uzio. Nifanyeje, Bibi?

Mama wa Bigwa

Pole sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mawazo yangu yamebaki kwa yule wa tatu, ambaye hukuniuliza lolote juu yake. Jana usiku alilala wapi? Kama ni kwenye banda lilelile, mtoe leo kabla ya magharibi. Mlaze stoo, jikoni, popote penye mlango, ndani ya tenga au boksi kubwa lenye nyasi kavu. Mnyama aliyeshiba mahali hurudi, na huyu njia ameshaijua.

Mwangalie pia anavyokula. Sungura hula kidogo kidogo mchana na usiku, na utumbo wake hutembea kwa sababu majani hayaishi kuingia. Akigoma kula siku nzima, utumbo husimama, na unaweza kumpoteza bila mnyama mwingine kumgusa. Mpe nyasi, maji safi, na majani anayoyapenda. Ukiona tangu asubuhi hajatafuna kitu na kinyesi hakuna, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwa jirani. Mwanangu, mimi siamini kuwa ni paka. Mkia mrefu wa mapete, juu ya mti, usiku wa manane: mlinzi amekutajia kanu bila kulitaja jina lake. Kanu ana mwili mwembamba kama wa paka aliyekonda, madoadoa ubavuni, na mkia unaokaribia urefu wa mwili wake wote. Mchana hulala mtini, usiku hushuka kutafuta panya, ndege, mijusi, na chochote kidogo anachoweza kukishika. Ninyi mnaishi miguuni mwa milima ya Uluguru, mnyama huyo ni jirani yenu wa siku nyingi. Nadhani alishuka kwa mwembe akatua kwenye bati, akazunguka hadi chini, akakuta miguu laini imeketi juu ya matundu ya wavu. Akaudaka mmoja, akavuta. Kelele uliyoisikia ndiyo hiyo. Sungura anaweza kuishi miaka asitoe sauti ya kusikika chumba cha pili, na akipiga ukelele namna ile ujue yuko mdomoni mwa kifo. Kisha kanu akafumua kona akaingia. Yule asiye na jeraha aliuawa na hofu, maana sungura anayeona adui mbele na ukuta nyuma anaweza kufa kwa mshtuko tu.

Na hata kama mimi ndiye niliyekosea, na ni paka kweli, angepita palepale. Mbwa koko naye angepita palepale. Wewe ulikwenda kumtafuta mwizi, wakati tundu lilikuwa kwako. Kwa hiyo nenda ukaombe radhi. Anza na mlinzi, kwa sababu yeye alisema alichokiona ukamwita mwongo. Halafu jirani mwenyewe. Maneno uliyasema mbele ya wapangaji, basi na samahani iombwe mbele yao. Usiende usiku kwa kunyatia ukalimaliza mlangoni.

Banda lenyewe, mwanangu, sitalionea haya. Wavu wa kuku kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Haukutengenezwa kumzuia mwenye meno asiingie. Ni waya mwembamba uliosokotwa, uzi mmoja ukikatika jirani zake hufuata, na matundu yake yanapitisha mkono wa kanu bila shida. Nenda duka la vifaa vya ujenzi uombe waya mgumu wa kuchomelewa, wenye matundu ya mraba ya nusu inchi. Ingiza kidole gumba kwenye tundu. Kikipita, urudishe. Ni ghali kuliko wavu, najua. Ila hutauhitaji banda zima: tumia mbao kwa nyuma na ubavuni, waya uwe mbele na juu juu kwa ajili ya hewa. Morogoro yenu ina joto, na sungura huteseka joto likipita nyuzi 30, kwa hiyo usije ukaliziba banda kama sanduku ukamwokoa na kanu halafu ukampika.

Msimamie fundi. Wengi hupigilia msumari wakaupinda juu ya waya, wakapokea hela yao wakaondoka. Mbao ikikauka msumari unalegea, na kona ndipo panapoanza kuachia, kama ilivyotokea kwako. Mwambie atumie skrubu na washa, zisiachane zaidi ya upana wa kiganja, kisha juu ya ukingo wa waya akandamizie ubao mwembamba. Sakafu ya kulalia iwe mbao tupu, maana kukaa juu ya waya muda wote kunamtia sungura vidonda vya nyayo. Sehemu ndogo ya kudondoshea kinyesi inaweza kuwa ya waya, lakini shubiri moja chini yake weka waya wa pili, ili mkono wa adui usifike miguuni. Pale bati linapokutana na ukuta pazibwe kabisa. Mnyama mwembamba kama kanu akipitisha kichwa, kiwiliwili hufuata. Na kile kipande cha mbao cha kuzungusha king'oe. Weka makomeo mawili ya chuma, juu na chini, na kulabu inayojifunga.

Lihamishe kutoka chini ya mwembe. Najua mliliweka pale kwa ajili ya kivuli, nami nawasifu, lakini mti huo ndio ngazi yake. Lisogeze karibu na dirisha la chumba chenu, upande usiopigwa na jua la mchana, na juu ya bati mtandaze makuti au nyasi. Fyeka majani yanayolizunguka. Pumba zilizomwagika zifagiliwe kila jioni, kwa kuwa pumba huita panya, na panya huita nyoka na kanu.

Ndani, weka kijisanduku cha mbao chenye giza, mlango mdogo, kinachowatosha wote. Watu wengi hukiona ni pambo. Sisi tunaita sungura wanyama wawili tofauti. Yule wa porini, wa kwenye hadithi za utotoni, ambaye wengine humwita kitungule, huzaliwa na manyoya na macho wazi, hulala nje kwenye majani, na silaha yake ni mbio. Huyu wa bandani asili yake ni Hispania na Ureno, mababu zake walichimba mahandaki, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Yeye akiogopa hatafuti uwanja wa kukimbilia, anatafuta shimo. Ukimweka ndani ya waya mtupu umemnyima kitu pekee anachokijua. Usiku ule, wa pili wako angekuwa na shimo la kuingia, pengine moyo wake usingesimama.

Siku mtakapomtoa mchana kucheza chini, uzio wa chini uwe na kifuniko juu, kwa sababu ya mwewe, na waya wake uzame ardhini kiasi cha sentimita 30 au ulazwe nje kama sketi na kuwekewa mawe. Wanaochimba huanzia pale ukuta unapogusa udongo. Na mtu mzima awepo karibu, maana nguchiro huwinda mchana kweupe.

Kuna adui mmoja ambaye waya haumzuii, na huyu ananiuma hadi leo. Nilipoolewa Lushoto nilikuwa na jike mweupe mwenye watoto sita wa siku ya nane, macho bado hayajafunguka. Banda langu lilikuwa imara, mbao nene, kufuli. Ilikuwa masika. Usiku nikamsikia jike anapiga sakafu kwa miguu ya nyuma, du, du, du, ndivyo sungura wanavyoambiana hatari. Nikasema ni panya, nikajifunika shuka. Alfajiri nikafungua mlango nikakuta mstari mweusi unapanda miguu ya banda na kushuka. Siafu. Jike nilimtoa wakiwa wamejaa masikioni na kwenye kope, nikawa nawang'oa mmoja mmoja kwa kucha, viwiliwili vinakatika, vichwa vinabaki vimeng'ang'ania ngozi. Aliishi. Ndani ya kiota, katika manyoya aliyojinyofoa tumboni kuwafunikia wanawe, sikupata kitu cha kuzika.

Ndiyo maana sikulaumu kwa kuogopa kutoka. Nami nilisikia. Ila safari nyingine ukisikia, washa taa, piga kelele, gonga sufuria, mwamshe baba watoto mtoke pamoja na tochi. Na kila mguu wa banda usimame ndani ya kopo lenye maji na oili chafu juu yake. Kagua makopo hayo baada ya kila mvua, na hakikisha hakuna jani wala tawi lililoegemea banda, maana siafu hutafuta daraja tu. Wakishafika, usipigane nao. Toa wanyama, waache siafu wapite. Huhama wenyewe.

Kuhusu sumu, mwambie baba watoto Bibi amekataa. Kwanza kuua wanyamapori kwa sumu ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Lakini hata sheria isingekuwepo, nyama ile haichagui. Ataila paka wa jirani, ambaye umeshamsingizia mara moja. Ataila mbwa. Bundi anayewapunguzia panya atakufa kwa kula panya aliyekula sumu. Na nyumba ina watoto watatu. Kanu mmoja akifa, mwembe utapata kanu mwingine kabla ya mwezi kuandama, na banda litakuwa lilelile. Wala asiamke usiku kumvizia kwa fimbo. Mnyama aliyebanwa huuma, na mtu aking'atwa na mbwa, paka au mnyama yeyote wa porini anaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha anakwenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Nimelibakiza la binti yako, kwa kuwa ndilo lililonitoa machozi. Mwambie ukweli, mwanangu. Mtoto wa miaka 9 anajua kifo. Asichokijua ni kwa nini rafiki zake wamemwacha wakati alikuwa akiwalisha vizuri, na kila jioni ule mchicha ukinyauka kwenye uzio anajiuliza amewakosea nini. Umemwondolea huzuni ukampa lawama. Keti naye chini, mkekani, mwambie: walikufa, mnyama wa usiku aliwaua, banda tulilojenga sisi wakubwa halikuwa imara, na mimi nilikudanganya kwa sababu niliogopa kukuona unalia. Kama mliwazika, mpeleke akaone. Atalia, mwache alie. Atakukasirikia pia, na hiyo ni haki yake. Mchicha aliokwisha kuuweka uokoteni pamoja, kabla haujawaita panya.

Usimnunulie wengine haraka. Ni kweli sungura hapendi upweke, na huyu aliyebaki atahitaji mwenzake. Ila banda litangulie.

Fundi akimaliza, usimlipe hela ya mwisho mchana. Mwambie arudi saa mbili usiku. Zimeni taa za nje, mwite binti yako, mpe tochi aiingize bandani, mfunge mlango na yale makomeo mawili. Wewe na fundi mzunguke nje gizani polepole, mpige magoti mtazame na chini. Kila mahali ambapo mwanga unachungulia kwa upana kupita kidole, fundi apige alama ya chaki. Na ukiweza, mwombe yule mlinzi naye aje kuangalia. Ana macho mazuri.