Mtakatifu Aidan na Watu Waliosemwa Kuwa Wagumu

Neno moja twalisikia mara nyingi katika nyumba za Wakristo, nalo ni hili: "Hawa ni wagumu, hawafundishiki." Baba hulisema juu ya wanawe wakubwa wasiotaka tena kusali rozari pamoja na wenzao jioni. Mwalimu wa dini hulisema juu ya wakatekumeni wake. Nasi tunaoandika gazeti tumelisema pia, tena si mara moja, juu ya wasomaji. Leo twapenda kuwasimulia habari za Mtakatifu Aidan, askofu wa karne ya 7, aliyelisikia neno hilo likitamkwa barazani na mtu aliyekuwa amekata tamaa, naye hakukubali kwamba kosa lilikuwa la wasikilizaji.

Aidan alikuwa Mwairishi, mtawa wa monasteri ya Iona. Iona ni kisiwa kidogo upande wa magharibi wa Scotland, ambako Mtakatifu Columba alianzisha jumuiya ya watawa mwaka 563. Ng'ambo ya pili, upande wa mashariki na kusini, walikaa Waanglo-Saksoni, na ufalme wao wa kaskazini uliitwa Northumbria. Injili ilikuwa imekwisha kufika huko mara moja. Paulinus, mmoja wa wamisionari wa Roma waliotumwa na Papa Gregori Mkuu, alimbatiza mfalme Edwin siku ya Pasaka mwaka 627, na watu wengi wakamfuata mfalme wao kisimani. Lakini mwaka 633 Edwin aliuawa vitani. Paulinus akamchukua malkia mjane, wakakimbilia Kent kwa njia ya bahari. Akamwacha York shemasi wake Yakobo, mtu shujaa ambaye angestahili makala yake mwenyewe. Wafalme wawili waliorithi nchi ile waliikana imani, na watu wengi wakarudia miungu yao ya zamani. Kazi ya miaka sita ilionekana kama moshi.

Ndipo alipotokea Oswald. Huyu alikuwa mpwa wa Edwin, lakini wakati wote wa utawala wa mjomba wake aliishi uhamishoni kwa Waairishi. Huko ndiko alikobatizwa, na huko ndiko alikojifunza lugha yao. Alirudi kuipigania nchi yake, na kabla ya vita aliamuru utengenezwe msalaba wa mti. Akaushika kwa mikono yake mwenyewe shimoni, wakati askari wake wakijaza udongo. Alishinda. Mara baada ya kukalia kiti cha ufalme alipeleka ujumbe Iona kwa wazee waliomlea, akiomba askofu wa kuwafundisha watu wake.

Wazee wakamtuma mtu. Beda Mheshimiwa, ambaye historia yake aliyoimaliza mwaka 731 ndiyo iliyotuhifadhia habari hizi, hakumtaja jina lake. Twaona alifanya hivyo kwa huruma. Alisema tu kwamba alikuwa mtu wa tabia kali. Alihubiri muda fulani, watu hawakumsikiliza, akarudi kwao. Mbele ya baraza la watawa akatoa taarifa: watu wale ni wakaidi, wakali, washenzi, wala hapana faida ya kuwafundisha.

Tufikiri kidogo juu ya baraza lile. Walikuwapo wazee wenye elimu na sala nyingi. Ndugu yao amerudi amechoka, amedhalilika. Lingekuwa jambo rahisi kumfariji na kuiacha nchi ile, kwani nani angewalaumu? Beda asema kwamba walihuzunika sana, kwa kuwa walitamani wokovu wa watu wale. Ndipo Aidan alipofungua kinywa chake. Akamwambia ndugu yule, bila matusi lakini pia bila kumficha neno, kwamba kwa maoni yake alikuwa mkali kupita kiasi kwa watu wasio na elimu, wala hakuwapa kwanza maziwa ya mafundisho laini, kama Mtume Paulo alivyofanya, mpaka wapate nguvu polepole ya kupokea yaliyo makubwa zaidi.

Wote waliokuwapo wakamgeukia, wakayapima maneno yake, wakaona kwamba huyu ndiye anayefaa. Akawekewa mikono ya uaskofu, akapelekwa. Ikawa mwaka 635. Basi, ndivyo ilivyo: anayesema kazi imefanywa vibaya hana budi kuwa tayari kupewa jembe.

Mfalme alimpa kisiwa cha Lindisfarne kiwe makao yake. Si kisiwa wakati wote. Maji yakijaa hukizunguka, yakipwa mtu hupita kwa miguu hadi bara, na hivyo mara mbili kila siku. Bamburgh, mji wa mfalme, haukuwa mbali. Lakini Aidan alikuwa na upungufu mmoja mkubwa: hakuijua vema lugha ya watu aliotumwa kwao.

Hapa pana jambo ambalo twalipenda kuliko yote katika habari hii. Askofu alipohubiri, mfalme Oswald mwenyewe alisimama kuwa mkalimani wake. Wakuu wa nchi na maofisa wa vita walilisikia Neno la Mungu kwa kinywa cha mfalme wao. Yeye aliyezoea kutoa amri sasa alikuwa akisubiri sentensi ya mgeni imalizike, kisha akaitafsiri, asiongeze wala asipunguze. Yeyote aliyepata kusimama kando ya padre mgeni akimfasiria ajua kazi ile ilivyo: aibu ya kukosa neno, na macho ya watu yote yakikutazama wewe wala si mhubiri. Kwa Oswald miaka ya uhamisho, iliyoonekana kuwa msiba, ndiyo iliyompa ulimi wa kulitumikia Kanisa.

Na haya maziwa aliyoyanena Aidan yalikuwa nini hasa? Tusidhani kwamba aliificha sehemu ya imani au aliilainisha ili ipendeze. Maziwa yalikuwa katika njia yake ya kuwaendea watu. Alisafiri kwa miguu mijini na vijijini, asipande farasi ila kwa lazima kubwa, na kila aliyekutana naye njiani, tajiri au fukara, alimwendea. Akiwa bado mpagani, alimwalika kwenye imani; akiwa Mkristo, alimtia nguvu na kumhimiza kutenda mema. Aliofuatana nao, wawe wakleri au walei, walitakiwa kusoma Maandiko au kujifunza zaburi safarini. Ukali alijiwekea yeye mwenyewe: kila Jumatano na Ijumaa alifunga hadi saa tisa mchana, isipokuwa siku 50 baada ya Pasaka, na watawa wengi, wanaume kwa wanawake, wakamwiga kwa hiari. Akialikwa kula kwa mfalme alikwenda na mwenzake mmoja au wawili, akala kidogo, akaharakisha kutoka ili asome au asali.

Fedha hakuwapa wakubwa kamwe; akiwa na mgeni wa cheo alimpa chakula tu. Zile alizopewa na matajiri aliwagawia maskini, au alizitumia kuwakomboa watu waliouzwa utumwani bila haki. Wengi katika hao waliokombolewa akawafanya wanafunzi wake, akawafundisha na kuwalea hata wengine wakafikia upadre. Tangu mwanzo alichukua pia vijana 12 wa Kianglo-Saksoni awafundishe. Mmoja wao, Eata, baadaye akawa abate na askofu. Mtakatifu Chad naye alikuwa mwanafunzi wake. Na Mtakatifu Hilda, binti wa ukoo wa kifalme aliyetaka kwenda ng'ambo kuwa mtawa, ni Aidan aliyemwita abaki nchini mwake. Hao ndio watoto wa watu wale waliosemwa kwamba hawafundishiki.

Msomaji asidhani, kwa sababu hiyo, kwamba Aidan alikuwa mtu wa kusema ndiyo kwa kila mtu. Alipokuwapo Oswin, mfalme wa sehemu ya kusini ya Northumbria, aliyempenda sana askofu, alimpa farasi mzuri kwa ajili ya kuvuka mito na safari za haraka. Siku chache baadaye Aidan akakutana na maskini aliyemwomba msaada. Akashuka, akampa farasi pamoja na matandiko yake yote ya kifalme. Mfalme alipopata habari alikasirika, akamwuliza kwa nini ametoa farasi bora namna ile, hali zizi limejaa farasi wa bei ndogo wa kuwapa maskini. Aidan akamwuliza kama mwana wa farasi jike ana thamani machoni pake kupita yule mwana wa Mungu.

Wakaingia kula. Mfalme, aliyetoka kuwinda, alisimama akiota moto pamoja na watu wake. Ghafla alikumbuka, akavua upanga wake akampa mtumishi, akaja mbio akapiga magoti mbele ya askofu na kuomba msamaha. Aidan akamwinua, akamsihi akae ale kwa furaha. Lakini mfalme alipochangamka, askofu alianza kulia. Padre wake akamwuliza sababu, kwa lugha yao ya Kiairishi ambayo watu wa mfalme hawakuielewa. Aidan akajibu kwamba mfalme huyu hataishi siku nyingi, kwani hajapata kumwona mfalme mnyenyekevu namna hii, na taifa lile halikustahili kuwa na mtawala kama yeye.

Yatupasa kusema pia lile ambalo Beda hakulificha. Aidan aliishika Pasaka kwa hesabu ya watawa wa Iona, isiyopatana na ile ya Roma, na Beda, mpenzi mkubwa wa hesabu sahihi ya Pasaka, alimlaumu waziwazi kwa jambo hilo. Suala hilo liliamuliwa kwa kuifuata Roma katika sinodi ya Whitby mwaka 664, Aidan akiwa amekwisha kufariki. Hata hivyo Beda huyo huyo alimsifu kwa upendo, amani na unyenyekevu wake, na kwa kuwa aliishi kama alivyofundisha. Twaona ni uandishi wa haki, nasi twautamani.

Oswald aliuawa vitani mwaka 642. Oswin naye aliuawa kwa hila tarehe 20 Agosti 651, kama askofu alivyohofu. Siku chache baadaye Aidan aliugua akiwa kwenye shamba la mfalme karibu na Bamburgh. Hakuwa na mali huko ila kanisa na chumba kidogo. Wakamfungia hema ubavuni mwa kanisa, upande wa magharibi, naye akakata roho akiegemea nguzo iliyoshikilia ukuta kwa nje. Ilikuwa tarehe 31 Agosti, siku ambayo hadi leo ndiyo sikukuu yake.

Kijiji kile kilichomwa moto baadaye na maadui, na kanisa likaungua, lakini nguzo haikuungua. Kanisa likajengwa tena, likaungua tena kwa uzembe wa watu, nguzo ikabaki. Walipojenga mara ya tatu hawakuiweka tena nje kushikilia ukuta. Waliiingiza ndani ya kanisa, na watu walioingia walipiga magoti hapo.