SOMO: Mandakaru, kaktusi yenye kulisha ngombe wakati wa jua



Kule kaskazini-mashariki ya Brazili, mvua inaweza kukosa muda mrefu sana. Majani yote inakauka. Lakini kuna mumea moja wenye kubaki kijani: mandakaru, kaktusi kubwa kama mti. Inaweza kufikia metre 8, na inachunga maji ndani ya shina lake.

Wafugaji wa kule wanaitumia namna gani?

1. Wanakata matawi kwa panga. Shina wanaliacha ili lichipuke tena.
2. Wanapitisha matawi kwenye moto mpaka miiba yote iungue. Mwiba ukibaki, unaumiza kinywa cha ngombe.
3. Wanakatakata vipande vidogo na kuchanganya na majani makavu. Mandakaru ina maji mengi; peke yake haishibishi, na ngombe anaweza kuharisha.

Angalisho! Ule mti wa miiba wenye tunaona huku kwetu, kama vile katika savana ya Rwindi, unafanana nayo, lakini si kaktusi. Ni eforbi. Mukiikata inatoa maziwa meupe. Ile ni sumu: inachoma kinywa, na ikiingia ndani ya macho inaweza kupofusha. Musiilishe ngombe wala mbuzi!

Tena, musitafute mbegu ya mandakaru. Afrika ya Kusini iliingizwa kama mumea wa kupamba. Leo imevamia malisho.

Tujifunze hili: chakula cha kiangazi kinatayarishwa wakati majani ingali mengi. Kateni matete na tripsakumu mapema, mukaushe, muweke mahali pasipofika mvua.